Enver Pasha: Kijana wa Miaka 32 Aliyecheza Karata na Dola Nzima

Wanachuo wenzangu, kila mwaka kampeni za serikali ya wanafunzi zikianza, kuna hoja moja utaisikia kila kona, kuanzia kwenye vimbweta mpaka foleni ya kantini: vijana wapewe nafasi. Wazee wamechoka, wazee wanachelewesha mambo, wazee wanaogopa kuthubutu. Mimi ni kijana na hoja hiyo naiunga mkono. Ila leo naomba tukae kidogo na kijana mmoja ambaye nafasi alipewa kweli kweli. Hakupewa wizara ya michezo wala ya mikopo. Alipewa jeshi zima la dola iliyokuwa imeishi zaidi ya miaka 600. Miezi saba baadaye alikuwa ameshachagua upande wa kuifungamanisha katika vita kubwa kuliko zote zilizowahi kuonekana mpaka wakati huo. Miaka minne baada ya hapo dola ilikuwa imekwisha, na yeye amekimbia usiku kwa meli.

Jina lake ni Enver. Wengi tunamjua Mustafa Kemal Atatürk, baba wa Uturuki ya leo. Enver ndiye aliyemtangulia, na kwa miaka kadhaa ndiye aliyekuwa nyota, huku Kemal akiwa afisa wa kawaida asiyejulikana sana.

Alizaliwa Istanbul tarehe 22 Novemba 1881. Hakutoka kwenye ukoo wa vigogo. Baba yake alikuwa mtumishi mdogo wa serikali, na familia ikahamia Monastir, mji ambao leo unaitwa Bitola, huko Makedonia Kaskazini. Shule za kijeshi ndizo zilikuwa ngazi ya mtoto wa mtu wa kawaida kupanda juu, kama ambavyo kwetu chuo kikuu kilivyokuwa, na bado wengine wanaamini ndivyo kilivyo. Kijana akapanda. Mwaka 1902 alimaliza masomo ya juu ya kijeshi akiwa miongoni mwa wanafunzi bora, akapelekwa Makedonia kupambana na magenge ya waasi milimani.

Kule akaona kwa macho yake jinsi dola inavyooza. Askari hawalipwi kwa wakati. Mataifa ya Ulaya yanaingilia kila jambo. Sultani Abdulhamid wa Pili amejifungia ikulu, katiba ya mwaka 1876 ameiweka kabatini, na majasusi wake wamejaa kila mahali. Mwaka 1906 Enver akajiunga na chama cha siri cha maafisa na wasomi vijana, Kamati ya Umoja na Maendeleo, ambao dunia iliwaita Vijana wa Kituruki. Mwaka 1908 akapanda milimani na wenzake kudai katiba irudishwe. Sultani akaona jeshi lenyewe linamkimbia, akakubali. Ilikuwa Julai 1908. Enver alikuwa na miaka 26, umri ambao baadhi yetu hapa bado tunahangaika na shahada ya kwanza.

Miji ililipuka kwa furaha. Waislamu, Wakristo na Wayahudi walikumbatiana barabarani, na picha za Enver zikauzwa kama za wachezaji mpira wa leo. Jamaa alikuwa mtanashati, masharubu yamechongwa, ana aibu kidogo mbele za watu, hanywi pombe. Alikuwa na kila kitu cha kumfanya mtu apendwe. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, tatizo lilipoanzia. Mtu akishinda mchezo wa hatari akiwa mdogo sana, anaweza kuamini kwamba hatari ni rafiki yake.

Mwaka 1909 akapelekwa Berlin kuwa mwambata wa kijeshi. Akaipenda Ujerumani moja kwa moja: nidhamu yake, reli zake, bunduki zake, na jinsi jeshi lilivyoheshimiwa. Akajifunza lugha. Mwaka 1911 Italia ilipovamia Libya, Enver akaenda jangwani huko Cyrenaica kuongoza upinzani pamoja na makabila ya pale na Wasanusi. Vita hiyo haikuwa imeisha vizuri, mara Oktoba 1912 Bulgaria, Serbia, Ugiriki na Montenegro zikaishambulia dola kwa pamoja. Katika wiki chache karibu ardhi yote ya Ulaya ikapotea, ukiwemo ule mji aliokulia. Wakimbizi wa Kiislamu walimiminika Istanbul kwa mamia ya maelfu, wengine wakilala misikitini.

Jambo hili tulishike vizuri, maana bila hilo hatutamwelewa mtu huyu. Katika janga lile la 1912 hakuna taifa kubwa lililonyoosha mkono kuisaidia dola. Uingereza, Ufaransa, Urusi, wote walitazama. Enver na wenzake wakatoka na funzo moja: dunia hii ukiwa peke yako utaliwa.

Tarehe 23 Januari 1913 Enver aliongoza kikundi kidogo kuingia ofisi za serikali wakati baraza la mawaziri limekaa. Waziri wa Vita akapigwa risasi na kufa. Waziri Mkuu, mzee Kamil Pasha, akalazimishwa kuandika barua ya kujiuzulu palepale. Yule shujaa wa katiba akawa mtu wa mapinduzi ya bastola. Julai mwaka huohuo, washindi wa vita walipoanza kugombana wenyewe kwa wenyewe, Enver akaingia na jeshi katika mji wa Edirne na kuurudisha. Umaarufu ukapaa tena. Januari 1914 akawa Waziri wa Vita, na mwaka huohuo akamwoa Naciye Sultan, mpwa wa sultani. Akastaafisha kwa mkupuo maafisa zaidi ya elfu moja, wengi wao wazee, na kuweka vijana. Hapo tukiri, jeshi lilipata uhai mpya. Vijana kupewa nafasi kulileta faida, si hasara tu.

Sasa tufike mwaka 1914 wenyewe.

Ulaya ilikuwa imegawanyika kambi mbili. Upande mmoja Ujerumani na Austria-Hungaria, upande wa pili Urusi, Ufaransa na Uingereza. Usifikiri kwamba Waturuki walikimbilia Ujerumani siku ya kwanza. Walibisha hodi kwingine kwanza. Mei 1914 Talat, mwenzake Enver, alimgusia Urusi suala la ushirikiano. Julai, Cemal, mwenzao wa tatu, alikwenda kuwabembeleza Wafaransa. Waingereza nao walikuwa wameshafuatwa miaka ya nyuma. Wote walijibu kwa adabu, na wote jibu lao lilikuwa hapana. Nani anataka kufunga ndoa na mgonjwa ambaye majirani wanasubiri kumrithi? Ujerumani ndiyo iliyobaki, na hata huko balozi wake mwanzoni alisitasita, mpaka Kaisari alipoamua.

Mkataba wa siri ulisainiwa tarehe 2 Agosti 1914, siku moja baada ya Ujerumani kutangaza vita dhidi ya Urusi. Aliyesaini ni Waziri Mkuu, Said Halim Pasha. Waliojua ni watu wa kuhesabu kwenye vidole vya mkono mmoja, Enver akiwa mmoja wao na msukumaji mkuu. Bunge halikujua. Mawaziri wengi hawakujua. Sultani mwenyewe alikuwa mapambo tu.

Siku hizohizo Uingereza ikatoa msaada mkubwa kwa hoja ya Enver bila kukusudia. Kulikuwa na manowari mbili kubwa, Reşadiye na Sultan Osman, zilizojengwa Uingereza kwa pesa za Waturuki, na sehemu ya pesa hizo ilichangwa na wananchi wa kawaida. Winston Churchill, aliyekuwa akisimamia jeshi la majini la Uingereza, akaamuru zichukuliwe. Fikiria mmechanga darasa zima kununua projekta, fundi anakwambia ameamua kuitumia yeye. Mtaani watu walichemka. Tarehe 10 Agosti manowari mbili za Kijerumani, Goeben na Breslau, zikiwakimbia Waingereza katika Mediteranea, zikafika mlango wa Dardanelles. Enver akaruhusu ziingie. Ili isionekane kwamba dola imevunja msimamo wa kutofungamana, zikatangazwa zimenunuliwa. Zikapewa majina ya Kituruki, na mabaharia wa Kijerumani wakavishwa tarbushi nyekundu. Amiri wao, Souchon, akabaki na usukani.

Hata hapo mlango wa kurudi ulikuwa bado wazi. Kwa karibu miezi mitatu dola haikupigana. Wapo mawaziri, Cavid wa fedha akiwa mbele, waliosema tukae pembeni, tupumue, hazina ni tupu na wananchi wametoka vitani jana. Said Halim naye hakuwa na haraka. Lakini Wajerumani walikwama Ufaransa Septemba, wakamtaka mshirika wao aamke. Dhahabu ikaja kutoka Berlin. Mwishoni mwa Oktoba Enver akampa Souchon ruhusa ya kuingia Bahari Nyeusi, na tarehe 29 Oktoba 1914 meli zenye bendera ya sultani zikapiga makombora bandari za Urusi, zikiwemo Odessa na Sevastopol. Mawaziri walio wengi walipata habari mambo yakiwa yameshatendeka. Kadhaa walijiuzulu, akiwemo Cavid. Haikusaidia kitu. Urusi ikatangaza vita tarehe 2 Novemba, Uingereza na Ufaransa tarehe 5.

Tarehe hizo mbili, msomaji wa Kitanzania, zitazame tena. Kati ya tarehe 2 na 5 Novemba 1914 ndipo Waingereza walipojaribu kuuteka mji wa Tanga kwa askari walioletwa kutoka India, wakafukuzwa na jeshi la von Lettow-Vorbeck na askari wake Waafrika. Wiki ileile kikosi kingine kutoka India kikashuka Fao, kwenye ncha ya kaskazini ya Ghuba, kuanza vita ya Iraki. Bandari za Bombay na Karachi zilikuwa zinagawa askari, hawa waende Tanga, hawa waende Basra. Uamuzi wa watu wachache kule Istanbul ulifungua uwanja mpya ambao kwa miaka minne ulimeza askari wa Uingereza ambao wangeweza kutumwa kwingine, na Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa huko kwingine.

Katikati ya Novemba ikatangazwa jihadi kwa jina la Khalifa. Matumaini ya Berlin na ya Enver yalikuwa kwamba Waislamu wa India, Misri na Afrika watawainukia wakoloni wao. Hapa kwetu Wajerumani walijaribu kuutumia wito huo kwa Waislamu wa pwani. Kule Unguja, Sultani Khalifa bin Haroub alibaki upande wa Waingereza. Kwa jumla dunia ya Kiislamu haikuinuka. Watu walikuwa na hesabu zao wenyewe, na wengi walijiuliza inakuwaje vita takatifu iwe na mshirika aitwaye Kaisari.

Enver hakusubiri. Desemba 1914 alikwenda mwenyewe mpakani na Urusi kuongoza jeshi la Tatu. Alitaka kuwazunguka Warusi pale Sarıkamış kupitia milimani, katikati ya theluji. Kwenye ramani mpango ulipendeza. Makamanda wenye uzoefu walimwonya kwamba askari hawana makoti ya baridi wala chakula cha kutosha, akawaondoa kazini. Makumi ya maelfu ya askari walikufa, wengi bila kupigwa risasi hata moja. Waliganda. Waziri akarudi Istanbul na habari zikafichwa.

Kushindwa kule kulihitaji mtu wa kulaumiwa. Lawama ikaelekezwa kwa Waarmenia, Wakristo waliokuwa raia wa dola hiyohiyo kwa karne nyingi. Kuanzia Aprili 1915 serikali ya Enver, Talat na Cemal ilikamata viongozi wao, ikawanyang'anya silaha na kuwaua askari wa Kiarmenia, na kuwaswaga familia nzima kwa miguu kuelekea jangwa la Shamu. Waliokufa kwa kuuawa, njaa na maradhi ni mamia ya maelfu. Makadirio mengi yanafika milioni moja na kuzidi. Wanahistoria walio wengi wanayaita mauaji ya kimbari, ingawa serikali ya Uturuki mpaka leo inalikataa jina hilo. Hapa siwezi kuandika kwa lugha ya mchezo wa karata. Uchaguzi wa mshirika wa vita si suala la mipaka na manowari tu. Vita ilimpa mtu yule giza la kufanyia jambo ambalo wakati wa amani lingekuwa gumu zaidi kutendeka.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili wa mizani. Mwaka 1915 Waingereza na Wafaransa walishambulia Dardanelles na Gallipoli wakashindwa, na Januari 1916 wakaondoka. Askari wa kawaida wa Anatolia alionyesha kwamba huyu mgonjwa bado ana meno. Aliyeng'ara pale alikuwa Mustafa Kemal, na Enver hakufurahia sana. Aprili 1916 jeshi zima la Waingereza lilisalimu amri huko Kut, Iraki. Ila ushindi huo ulichelewesha mwisho, haukuuzuia. Baghdad ilianguka Machi 1917, Yerusalemu Desemba mwaka huohuo, na tarehe 30 Oktoba 1918 dola ikasalimu amri.

Sasa lile swali la vimbwetani: je, kama Enver angesema hapana?

Tuanze na Urusi. Sehemu kubwa ya ngano yake ilipita kwenye milango ya bahari ya Istanbul, na silaha kutoka kwa washirika wake zingeweza kupita hapohapo. Mlango ulipofungwa, Urusi ikakabwa koo. Siwezi kusema kwamba bila hivyo mapinduzi ya 1917 yasingetokea, maana Urusi ilikuwa na magonjwa yake mengine mengi. Ila ni vigumu kuona jinsi njaa ya mkate na uhaba wa risasi vingefikia kiwango kilekile. Tuje Mashariki ya Kati. Mwaka 1916 Uingereza na Ufaransa zisingekuwa na sababu ya kukaa na penseli kugawana Shamu na Iraki, nchi za dola ambayo hawapigani nayo. Ahadi ya Uingereza ya Novemba 1917 kuhusu Palestina ingetolewa na nani, juu ya ardhi ya nani? Hata sisi tumo. Baada ya vita, Umoja wa Mataifa wa wakati ule uliweka utaratibu mmoja wa udhamini, na ndani yake zikaingizwa Iraki, Shamu na Palestina kwa daraja la kwanza, na Tanganyika kwa daraja la pili. Tulikuwa kwenye daftari moja.

Anayemtetea Enver ana hoja, na si ya kubeza. Atasema Urusi ilikuwa inaitamani Istanbul miaka mingi, na kama upande wake ungeshinda bila Waturuki, ungekuja kuichukua tu. Kukaa pembeni hakukuwa na dhamana. Hilo nalikubali. Lakini ahadi ya Uingereza na Ufaransa kwamba Urusi ipewe Istanbul ilitolewa Machi 1915, baada ya dola kuingia vitani, si kabla. Na kuna mfano wa karibu zaidi. Katika Vita ya Pili ya Dunia, Uturuki iliongozwa na İsmet İnönü, mtu aliyekuwa afisa katika jeshi lilelile la Enver na kuyaona yale yote. Akabanwa na Wajerumani, akabanwa na Waingereza, akawa anasema ndiyo nusu na hapana nusu, mpaka Februari 1945 alipotangaza vita dhidi ya Ujerumani inayokaribia kuzikwa. Wengi walimwita mwoga. Nchi yake haikuchomwa.

Enver hakuona hayo. Novemba 1918 alikimbia kwa meli ya Kijerumani. Mahakama ya Istanbul ikamhukumu kifo akiwa hayupo. Akaenda Berlin, akaenda Moscow, Septemba 1920 akawa Baku kwenye mkutano wa Wabolsheviki na mataifa ya Mashariki. Alitaka kurudi Anatolia kuongoza, lakini Kemal alikuwa ameshashika usukani na hakumhitaji. Mwishoni mwa 1921 akaenda Bukhara kama rafiki wa Wasovieti, akageuka na kujiunga na waasi wanaowapinga. Februari 1922 aliiteka Dushanbe. Tarehe 4 Agosti 1922, huko Tajikistan ya leo, aliuawa akipambana na Jeshi Jekundu. Hakuwa ametimiza miaka 41. Mifupa yake ilirudishwa Istanbul mwaka 1996, ikazikwa karibu na mnara wa mashujaa wa uhuru, kumbukumbu ya siku zile alipokuwa bado kijana wa katiba.

Nimemsoma mtu huyu kwa muda mrefu nikitafuta kosa lake hasa ni lipi. Ujana? Hapana, İnönü alizaliwa miaka mitatu tu baada yake. Ujinga? Hapana, alikuwa na akili. Kuichagua Ujerumani? Hata hilo lina utetezi wake, maana wengine walimfungia mlango. Kosa ninaloliona mimi ni kwamba waliokuwa na sababu za kusema hapana hawakupewa nafasi ya kuzisema. Cavid alikuwa na hesabu za hazina mkononi. Makamanda wa Sarıkamış walijua hali ya makoti. Bunge lilikuwepo, lile lile ambalo Enver alipanda milimani mwaka 1908 kulidai. Alilipigania, akalipata, kisha siku ya uamuzi mkubwa akalipita kando.

Basi kampeni zikianza tena mwaka huu, na mgombea akasimama kuahidi kwamba yeye ni kijana na anathubutu, tumpigie makofi. Halafu tumwulize swali moja: siku ya kuamua jambo letu sote, mtakaa wangapi chumbani, na nani atakuwa ameshika daftari la hazina?